Faili hili limewekwa na nani? Utatuzi wa matatizo ya vifurushi vya Python katika Debian

Katika chumba kimoja cha komine ya Kamalondo, hapa Lubumbashi, tunatunza mashine sita za Debian, mfumo endeshi huria, ambazo wanafunzi huzitumia kwa kazi zao, na ambazo sisi wenyewe huzitumia kujengea vifurushi vichache vya lugha ya programu ya Python tunavyosaidia kuvitunza. Haipiti wiki bila kijana kuingia na laptopu kwapani akisema, "Yaya, Python imekufa." Kwa kawaida Python yenyewe ni nzima. Kilichotokea ni kwamba mikono miwili tofauti imeweka mafaili yenye jina moja mahali pawili, na Python imechukua lile ililolikuta kwanza. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuondoa au kusakinisha chochote, mimi huanza na swali moja: faili hili limewekwa na nani?

Ili swali hilo lijibike, ni lazima njia zijulikane. Debian, mradi ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993 na ambao hadi leo unaendeshwa na watu wa kujitolea, huweka moduli (mafaili ya msimbo ambayo programu huyaita) za vifurushi vyake vya Python 3 katika saraka moja, /usr/lib/python3/dist-packages. Programu ya pip, inayosakinisha moduli kutoka intaneti bila kupitia Debian, ikiendeshwa kwa mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, huandika ndani ya /usr/local/lib/python3.13/dist-packages, na ikiendeshwa na mtumiaji wa kawaida huandika ndani ya ~/.local/lib/python3.13/site-packages. Ukiacha maktaba ya msingi ya lugha yenyewe, Python inapotafuta moduli huanza nyumbani kwa mtumiaji, ikapita /usr/local, na ndipo inapofika kwenye saraka ya Debian. Haiangalii lipi ni jipya na lipi limezeeka. Lililo mbele ndilo linalotumika, na lililo nyuma hubaki limefunikwa hata kama apt, kisakinishi cha Debian, imelisasisha asubuhi hiyohiyo.

Dalili: programu iliyofanya kazi jana inakataa leo, na kosa linataja jina lisiloweza kuingizwa

Kijana mmoja aliniletea mashine ya Debian 12 ambayo programu yake moja, iliyosakinishwa kwa apt, ilikuwa inakufa papo hapo na kulalamika kwamba haiwezi kupata DEFAULT_CIPHERS ndani ya urllib3, moduli ya kuwasiliana na tovuti. Yeye alikuwa ameshaiondoa programu hiyo na kuirudisha mara tatu, akimaliza mega zake zote za intaneti, na kosa halikuhama. Tuliandika mstari mmoja tu:

python3 -c 'import urllib3; print(urllib3.__file__)'

Jibu lilianza na /home. Hapo mambo yalikuwa wazi, kwa sababu Debian haiandiki kamwe moduli zake nyumbani kwa mtu. Debian 12 ilitoka na urllib3 ya mfululizo wa 1.26, na programu yake ilijengwa kwa kuitegemea hiyo, ilhali toleo la 2.0 liliondoa jina lile kabisa. Nilipomuuliza kama aliwahi kutumia pip, alijibu, "Yaya, nilifuata tu amri niliyoikuta kwenye simu." Amri ile ilikuwa ya kusakinisha kitu kingine, na kitu hicho kilikuja na urllib3 mpya kama tegemezi, bila mtu kuiomba.

Uthibitisho unapatikana kwa njia mbili. Kwanza, mpe dpkg -S, amri ya programu inayotunza orodha ya mafaili ya Debian, njia kamili ya faili: ikitaja jina la kifurushi, faili ni la Debian, na ikisema haikupata njia inayolingana, limewekwa na mkono mwingine. Pili, endesha programu ileile kwa python3 -s, ambayo huiamuru Python isiangalie moduli za nyumbani kwa mtumiaji. Programu ikipona kwa -s, ugonjwa umo ndani ya ~/.local. Isipopona, angalia /usr/local, kwa sababu -s haiigusi saraka hiyo.

Dawa ni kuondoa nakala iliyo mbele. Katika Debian 12 na 13, hata pip uninstall hukataa kufanya kazi mpaka ipewe chaguo la --break-system-packages. Jina hilo linatisha, lakini ukiiendesha ukiwa mtumiaji wa kawaida, bila sudo (amri inayokupa mamlaka ya root), huna ruhusa ya kuandika ndani ya /usr/lib, kwa hiyo kitakachoondoka ni kile cha nyumbani. Ukiweka sudo mbele ya amri hiyohiyo, hapo jina lake linakuwa la kweli.

Dalili: pip inakataa na kuandika externally-managed-environment

Hili si kosa, ingawa watu wengi huliona hivyo. Tangu Debian 12, iliyotoka Juni 2023, kuna faili liitwalo EXTERNALLY-MANAGED ndani ya saraka ya maktaba ya msingi ya Python, nalo linaiambia pip kwamba mahali hapo pana mtunzaji mwingine. Utaratibu huo umeelezwa katika waraka wa PEP 668, na uliwekwa kwa sababu ya mikasa kama ule wa urllib3. Nawasihi wasomaji wasilifute faili hilo. Kifurushi kikisasishwa litarudi, na kabla halijarudi utakuwa umeshajaza /usr/local vitu ambavyo hakuna anayevitunza.

Kama moduli unayoitaka imo katika Debian, isakinishe kwa apt kwa jina linaloanza na python3-. Kama haimo, tengeneza mazingira pepe, yaani saraka ya pekee yenye moduli zake yenyewe, kwa python3 -m venv ~/kazi. Mashine ikilalamika kwamba ensurepip haipo, inakosa kifurushi cha python3-venv.

Dalili: moduli zote zimetoweka baada ya kupandisha mfumo mzima

Debian 12 ilikuja na Python 3.11, na Debian 13 ya Agosti 2025 imekuja na 3.13. Vitu vilivyowekwa na pip chini ya python3.11 bado vimo kwenye diski, lakini Python mpya haina sababu ya kuchungulia huko. Mazingira pepe nayo hupatwa na jambo hilo, kwa kuwa kiungo chake kinaelekea /usr/bin/python3, ambayo sasa ni nyingine, huku moduli zake zikiwa zimebaki katika lib/python3.11.

Kuna wanaonakili saraka ya zamani na kuipa jina jipya. Moduli zilizoandikwa kwa Python tupu huenda zikaitika, lakini zile zenye sehemu iliyoandikwa kwa lugha ya C zina mafaili ya .so yanayobeba alama ya cpython-311 katika majina yao, na Python 3.13 haiyapakii. Soma majina ya saraka zinazoishia na dist-info ili ujue ulikuwa na nini, kisha ujenge mazingira pepe upya.

Dalili: kosa limezuka baada ya umeme kukatika

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndilo tatizo ambalo miongozo iliyoandikwa mbali na sisi hailitaji sana, na sisi tunaishi nalo. Umeme ukikatika katikati ya apt upgrade, jambo la kwanza mashine inapowaka ni dpkg --configure -a, na mara nyingi amri hiyo hutosha. Kwa kawaida dpkg huhakikisha kwamba mafaili inayoyafungua yameandikwa diskini kweli kabla ya kuyahesabu kuwa yamesakinishwa.

Shida hubaki kwa mafaili ambayo dpkg haikuyaandika. Kifurushi cha Python kinapomaliza kufunguliwa, programu ndogo iitwayo py3compile hulitafsiri kila faili la .py kuwa la .pyc, umbo ambalo Python hulipakia upesi, na kuliweka ndani ya saraka ya __pycache__. Mafaili hayo ya .pyc hayamo ndani ya kifurushi chenyewe, hutengenezwa kwenye mashine yako, kwa hiyo dpkg -S haiyataji na dpkg --verify haiyakagui. Swali langu la mwanzo hapa linahitaji uangalifu zaidi: faili lisilo na mwenyewe katika orodha ya dpkg si lazima liwe la mgeni, na kulikuta likiwa halina jina hakumaanishi kwamba ni zima.

Asubuhi moja baada ya usiku wa mvua, mashine yetu ya tatu ilikataa kuendesha programu yoyote inayotumia moduli ya docutils, ikiandika EOFError: marshal data too short. Tuliendesha dpkg --verify python3-docutils, nayo ikanyamaza, maana yake kila faili la kifurushi lilikuwa salama. Tulipoingia ndani ya __pycache__ na kuorodhesha ukubwa wa mafaili, moja lilikuwa na baiti 4096 kamili, wakati majirani zake wote walikuwa na namba za ovyoovyo. Baiti 4096 ni ukubwa wa kawaida wa bloku moja ya diski. Bloku ya kwanza iliandikwa, zilizofuata zikapotea pamoja na umeme. Faili la .pyc lililo tupu kabisa Python hulitambua na kulipuuza, ikasoma .py. Lenye kichwa sahihi na mwili uliokatika ndilo linaloiangusha. Na kwa kuwa mtumiaji wa kawaida hana ruhusa ya kuandika ndani ya /usr/lib, kosa hilo halijitibu lenyewe hata programu ikiendeshwa mara mia. Tulilimaliza kwa amri mbili zilizoendeshwa kwa mamlaka ya root:

py3clean -p python3-docutils
py3compile -p python3-docutils

Kosa likisema kwamba msimbo una null bytes (baiti tupu), basi faili la .py lenyewe limeharibika. Likiwa la Debian, apt install --reinstall hulirudisha. Likiwa la pip, jenga mazingira pepe upya, kwa sababu mahali palipopotea faili moja huenda yamepotea na mengine ambayo bado hujayagusa. Yakijirudia bila umeme kukatika, ipime diski kwa smartctl kabla ya kuilaumu programu.

Mkasa mwingine wa umeme ni saa. Betri ndogo ya CR2032 iliyomo ndani ya mashine ikiisha, saa hurudi nyuma kila umeme unapokatika, na apt hukataa orodha za vifurushi ikisema kwamba faili la Release is not valid yet (bado halijaanza kutumika). Mtu huanza kubadilisha seva na kutafuta funguo mpya za sahihi, kumbe amri ya date ingemwonyesha kwamba mashine yake inaishi katika mwaka mwingine. Kinyume chake pia hutokea: wanaosafirisha nakala ya ghala la vifurushi kwenye diski huambiwa is expired (limekwisha muda), kwa kuwa orodha za sasisho za usalama huwa na tarehe ya mwisho isiyozidi takriban wiki moja. Na mtunzaji anayejenga kifurushi kwenye kompyuta ndogo ya bodi moja isiyo na betri ya saa, ambayo huamka ikidhani ni 1970, atakutana na ValueError inayosema kwamba ZIP haikubali tarehe za kabla ya 1980, kwa sababu kifurushi cha wheel, umbo la kusambazia moduli za Python, ni faili la ZIP. Rekebisha saa kwanza, kisha yaguse upya mafaili yaliyobeba tarehe hiyo.

Dalili: kifurushi kinajengeka kwako, kinaanguka kwenye mashine za ujenzi

Kuanzia hapa nazungumza na wale wanaotunza vifurushi, au wanaotaka kuanza. Swali ni lilelile, ila sasa limegeuka: ni kitu gani kilichomo kwenye mashine yako ambacho hukukitaja katika debian/control, faili linaloorodhesha mahitaji ya kifurushi?

Mashine za ujenzi za Debian huanza na mfumo mtupu, husakinisha yale tu yaliyoandikwa katika Build-Depends, orodha ya mahitaji ya ujenzi iliyomo ndani ya faili hilo, na sera ya Debian hairuhusu ujenzi wa vifurushi vya ghala kuu utegemee intaneti. Mashine yako imejaa vitu vya miaka, na intaneti ipo, walau siku ambazo mega zipo. Ukiona kosa la kwamba zana ya ujenzi kama hatchling.build au flit_core.buildapi haipatikani, fungua pyproject.toml ya mwandishi wa programu, soma sehemu ya build-system, na uongeze kifurushi kinacholingana pamoja na pybuild-plugin-pyproject. Ukiona pip inatafuta tegemezi na kushindwa, au jaribio linaloomba anwani ya tovuti, umepata mahali ambapo ujenzi ulikuwa unatoka nje kimyakimya. Jaribio la namna hiyo lirukwe kwa kiraka, yaani badiliko dogo la msimbo, kinachoeleza sababu. Kuzima majaribio yote kwa sababu ya moja ni kosa ambalo mtunzaji atakayekuja baada yako atalilipia.

Sbuild, programu inayojenga kifurushi ndani ya mfumo mtupu, ndiyo njia ya kawaida ya kulinasa jambo hili nyumbani, lakini hata kabla ya kuiandaa, unaweza kuuendesha ujenzi ndani ya unshare -r -n, ambayo huinyima intaneti amri moja tu na kuiacha mashine iliyobaki ikiendelea. Katika chumba chetu tuliwahi kuigundua kasoro kwa sababu tu mtandao ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na tangu siku hiyo ujenzi wa kwanza wa kila toleo jipya tunaufanya bila mtandao kwa makusudi.

Dalili: kifurushi kimejengeka, lakini kinajitambulisha kuwa toleo 0.0.0

Miradi mingi huisoma namba ya toleo kutoka historia ya git, kumbukumbu ya mabadiliko ya msimbo, kwa kutumia setuptools-scm. Ukichukua kifurushi cha msimbo kilichotolewa moja kwa moja kutoka kwenye lebo ya GitHub, historia hiyo haimo, na kutegemea mipangilio ya mradi, ujenzi utakataa au utaandika sifuri. Hatari iko katika sifuri, kwa sababu hakuna kinacholia mpaka kifurushi kingine kinachotaka toleo la 2.4 kiseme hakikuliona. Hakikisha python3-setuptools-scm imo katika Build-Depends, na inapobidi litaje toleo ndani ya debian/rules, faili la hatua za ujenzi, kwa SETUPTOOLS_SCM_PRETEND_VERSION. Baada ya kila ujenzi, orodhesha yaliyomo kwa dpkg -c na usome jina la saraka ya dist-info. Namba iliyo hapo ndiyo dunia itakayoiona.

Dalili: toleo jipya la Python limeingia na majaribio yanaanguka kwa wingi

Hapa chanzo kwa kawaida kinajulikana tayari. Python 3.12 iliondoa distutils na imp, pamoja na majina ya zamani ya unittest kama assertEquals. Python 3.13 iliondoa moduli 19 zilizotajwa katika PEP 594, zikiwemo cgi, crypt na telnetlib. Tafuta majina hayo ndani ya msimbo kwa grep kabla ya kusoma kurasa za makosa. Debian ina vifurushi vya kuziba pengo, kama python3-legacy-cgi na python3-zombie-imp, navyo vinafaa kwa programu ambayo mwandishi wake ameshaiacha. Kwa iliyo hai, mtumie mwandishi wake kiraka.

Maonyo ya SyntaxWarning kuhusu invalid escape sequence yanayotokea wakati wa kusakinisha hayazuii chochote kwa sasa. Mtulize mtumiaji, kisha urekebishe msimbo.

Dalili: majaribio yanapita kila mahali isipokuwa Lubumbashi

Tatizo hili tulilikuta sisi wenyewe, na kwa muda tulidhani kosa ni letu. Jaribio moja lilichukua sekunde sifuri ya saa za Unix, yaani mwanzo wa mwaka 1970 kwa saa za kimataifa za UTC, likaigeuza kwa datetime.fromtimestamp(0), na kutarajia saa sifuri usiku. Kwetu lilipata 02:00, kwa kuwa Africa/Lubumbashi iko saa mbili mbele ya UTC. Mwenzetu aliye Kinshasa angepata 01:00 katika nchi hiyohiyo moja. Jaribio jingine liliita amri ya ls kwenye faili lisilokuwepo, na kusubiri maneno ya Kiingereza; mashine zetu zimewekwa Kifaransa, fr_FR.UTF-8, kwa hiyo ls ilijibu "Aucun fichier ou dossier de ce type" (hakuna faili wala saraka ya namna hiyo).

Kuthibitisha, endesha majaribio yaleyale mara mbili, mara ya pili ukitanguliza TZ=UTC LC_ALL=C.UTF-8. Yakipita mara ya pili tu, umepata chanzo, lakini usiishie kuyaweka maneno hayo ndani ya debian/rules, kwa sababu hapo umeificha kasoro huku mtumiaji wa hapa akibaki nayo. Mradi wa Reproducible Builds hujenga vifurushi vya Debian mara mbili huku ukibadilisha kwa makusudi saa za eneo na lugha ya mfumo, ili kuona kama matokeo yatatofautiana. Sisi mabadiliko hayo tunayo bila kuyapanga, na ripoti inayotoka kwenye mashine ya Lubumbashi ina uzito huohuo.

Kiraka chetu kiliongeza timezone.utc katika mwito ule na kumpa ls mazingira yake ya lugha. Tulikiandikia kichwa chenye maelezo ya chanzo, tukakituma kwa mwandishi wa programu, na katika mstari wa Forwarded wa kichwa hicho tukaweka anwani ya ripoti yetu. Kifurushi kikishaingia unstable, tawi la Debian la mabadiliko mapya, kwa dharura ya kawaida, husubiri siku 5 kabla ya kuhamia testing, tawi linaloandaliwa kuwa toleo lijalo, na katika siku hizo majaribio ya vifurushi vinavyokitegemea huendeshwa pia. Kikikwama, fungua kumbukumbu ya jaribio lililoanguka na utazame mstari wa kwanza unaotaja njia ya faili, ili ujue kama faili hilo ni la kifurushi chako au la jirani.